Boneti yenye matundu: inapoza injini ama inapoza roho yako tu?

Simama kwenye daraja la waenda kwa miguu Thika Road Jumapili jioni, utaziona zikipita. Subaru yenye pua pana kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Mark X yenye boneti nyeusi ya kaboni. Lancer iliyokatwa mistari mpaka ikafanana na mbuzi wa Kiamaiko. Muulize mwenyewe sababu na jibu ni lile lile: "Bana, injini lazima ipumue."

Sawa, ipumue. Lakini inavuta pumzi ama inatoa? Tundu la boneti lina kazi mbili tofauti, na kuzichanganya kunaweza kukugharimu gasketi ya silinda.

Tuanze na Subaru kwa sababu najua ndiyo mnaipenda. Ile pua ya WRX na Forester za tabo haina kazi na rejeta. Chini yake kuna intakula (jina lisikutishe, haili mtu) iliyolala juu ya injini. Tabo ikikandamiza hewa, hewa hiyo hupata moto, na hewa moto hubeba oksijeni kidogo. Pua inameza upepo wa mbele na kuumwaga juu ya intakula ili hewa ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda. Basi. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka wa 1997 na Impreza, pua ikawa alama ya mbio hapa kwetu. Siku hizi unaipata imegundishwa kwenye gari lisilo na tabo, na chini yake hakuna hata tundu.

Lancer Evolution ni hadithi nyingine. Intakula yake iko mbele, nyuma ya bampa. Kwa hivyo yale matundu makubwa ya boneti yake kazi yake hasa ni kutema hewa moto.

Na kutema ndiko kunakosaidia rejeta. Upepo ukigonga rejeta bila kupita, haujafanya kitu. Ni lazima upite, na hautapita kama nyuma yake kumejaa. Ni kama matatu saa moja asubuhi: kama walio ndani hawashuki, wewe wa nje utasukuma mpaka uchoke. Ukiifungulia hewa moto njia ya kutokea, hewa mpya inaingia kupitia rejeta kwa wepesi.

Shida ni mahali pa kutoboa. Gari likikimbia, presha ya hewa juu ya boneti hailingani. Sehemu ya mbele, nyuma kidogo ya taa pale boneti inapopinda, presha hushuka, kwa hivyo tundu la hapo linafyonza joto kutoka ndani. Ukisogea nyuma kuelekea kioo, upepo unagonga kioo na presha inapanda tena. Ndiyo maana magari mengi huvuta hewa ya AC kutoka pale chini ya kioo: hewa inasukumwa pale yenyewe.

Sasa kumbuka ile mtindo ya kuinua boneti kwa nyuma kwa kuweka wasa kwenye bawaba. Jamaa yangu alifanya hivyo na Impreza yake, na mimi nilikuwa kiti cha mbele tukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Kwanza tulianza kunusa oili ndani ya gari. Halafu sindano ya joto ikaanza kupanda. Tukasimama pale wanapouza ngozi za kondoo, akafungua boneti, na sote tukabaki kuangalia moshi kama watu waliotembelea Hell's Gate.

Bahati yake alizima mapema. Vichwa vya injini hizo ni vya alumini, vikishika moto sana vinajikunja, na gasketi inakwenda nayo.

Fundi wake hakuangalia boneti hata kidogo. Alitoa rejeta na kuonyesha matope yaliyoziba zile mapezi zake. Halafu akabonyeza springi ya kifuniko cha rejeta, ikawa laini kama mkate. Wengi hudharau kifuniko hicho. Nairobi iko juu sana, kwa hivyo maji ya kawaida huchemka kwa takriban digrii 94, si 100. Kifuniko kizima kinafungia presha ndani na kusukuma kiwango hicho hadi zaidi ya 110. Kikilegea, umerudi kuchemsha chai.

Kaboni nayo? Inapunguza uzito, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini boneti ya kaboni isiyo na tundu haipozi chochote. Ukiinunua, weka pini za kuifungia, kwa sababu boneti nyepesi yenye kitasa kibovu ikifunguka kwa kasi ya barabara kuu inakuja moja kwa moja kwenye kioo chako. Na kama ina matundu, angalia kilicho chini yake. Mvua ya Nairobi haitauliza kama hapo ni koili ama altaneta.

Kwenye jam, ukweli usemwe, matundu husaidia kiasi kwa sababu joto hupanda lenyewe. Lakini hapo rejeta inategemea feni, na pua kubwa haimezi upepo kama gari limesimama Waiyaki Way dakika arobaini.

Kabla hujatoa hela, jaribu hivi. Kata nyuzi za sufu urefu wa kidole, zibandike kwa selotepu kote kwenye boneti. Mtu mwingine aendeshe mahali salama, wewe ukiwa abiria kwenye gari la pili chukua video. Pale nyuzi zinapolala sawasawa kuelekea nyuma, hewa inateleza vizuri. Zikipepea ovyo, hewa imevurugika.

Jamaa yangu alifanya hilo. Nyuzi za kwenye ule mwanya karibu na kioo zote zilikuwa zimeingia ndani, zikielekea kwenye injini. Alitoa wasa jioni hiyo hiyo. Mpaka leo ziko kwenye dashibodi yake, zinagongana kila akipiga bampu.