Nani Alimzalisha Maria?

Mazoezi ya igizo la Krismasi yalikuwa yakienda vizuri chini ya mwembe, pale Ukunda, mpaka bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha kando ya uwanja aliposimama na kuuliza kwa sauti: "Na wanawake wako wapi?"

Mwalimu, kijana wa Kitaita anayefundisha watoto wa kanisa, alidhani hakumsikia vizuri. Akamwonyesha Maria. Akamwonyesha na malaika watatu, wasichana wote, mabawa ya katoni migongoni. Bibi akatikisa kichwa. "Huyo ni mzazi. Mimi nawauliza waliomzalisha."

Nilikuwa nimepita hapo nikifuata habari ya wageni wa Desemba katika hoteli za Diani. Habari hiyo iliandikwa, ikasomwa, ikasahauliwa. Swali la bibi limekataa kunitoka.

Bibi ni mkunga wa jadi, Mdigo wa Kinondo, Mwislamu, na hakutaka jina lake litiwe gazetini. Siku hizi hazalishi mtu nyumbani. Akiitwa, humshika mjamzito mkono akamfikisha hospitali ya Msambweni kabla uchungu haujakolea. Msichana anayeigiza Maria ni mtoto wa jirani yake, tena ni yeye aliyempokea siku ile anazaliwa. Kwa hivyo alipoingia katikati ya igizo bila kualikwa, hakuna aliyemzuia.

Maria alikuwa amepiga magoti, viganja vimeshikana kifuani, leso mpya ya buluu kichwani. Mbele yake, mwanasesere wa plastiki ndani ya kreti la maembe lililojazwa nyasi kavu.

"Aliyejifungua sasa hivi hapigi magoti," bibi alisema. "Miguu inamtetemeka. Mlazeni."

Mkeka ukaletwa. Maria akalala huku akicheka. "Usicheke, mwanangu. Kazi yako haijaisha."

Kisha akaomba leso. Akapewa ile mpya, akaipapasa, akairudisha. Leso mpya ina wanga, itamkwaruza mtoto. Mtoto hupokewa kwa leso kuukuu, iliyofuliwa mpaka rangi zake zimefifia. Akaivua yake mwenyewe ya mabegani, akaitandaza mkekani, akakunja pembe moja kwa ndani na kumlaza mwanasesere, shingo juu ya mkunjo. Mikono ya mtoto akaikutanisha kifuani. Upande wa kwanza ukavutwa ukasokomezwa chini ya mgongo. Pembe ya chini ikapandishwa, lakini hapo alisimama, akapitisha kiganja chake baina ya nguo na miguu ili watoto wote waone nafasi iliyobaki. "Juu unakaza kidogo, chini unalegeza. Nyonga za mtoto hazibanwi." Upande wa pili ukazunguka, ncha ikachomekwa. Bila pini, bila fundo, kifurushi kikatoka nadhifu kama sambusa. Akakifungua papo hapo, akampa Maria: "Haya, wewe."

Maria alirudia mpaka akapata. Wachungaji wawili, vikoi viunoni, wakaomba nao kujaribu.

Ubishi ulianza kwenye kreti. Mwalimu alieleza kwa adabu kwamba mtoto hulazwa horini, ndivyo Injili inavyosema, kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa imejaa.

"Nyumbani hakukuwa na nafasi, sawa," bibi alijibu. "Na kifuani kwa mamake, je?"

Akamtoa mwanasesere kretini na kumweka juu ya kifua cha Maria. Hivyo ndivyo wauguzi wanavyofanya hospitalini, alisema, ngozi kwa ngozi, mtoto apate joto na atafute ziwa. Hori litangoja. Mwalimu alifungua Biblia, akasoma kimya, halafu akanisogezea. Katika Luka, sura ya pili, Maria ndiye anayezaa, ndiye anayemvika mtoto nguo, ndiye anayemlaza. Kazi tatu, mwanamke mmoja. Hata Yusufu hakutajwa kwamba alishika kitu.

Bibi alisomewa aya hiyo. Akanyamaza kidogo. "Mimba ya kwanza," akasema, "na amfunge mtoto peke yake? Maskini mwanangu."

Nimesikia hadithi hii tangu utotoni. Sikuwahi kusikia mtu akimwonea Maria huruma namna ile.

Bibi anaijua kwa njia nyingine. Katika Sura Maryam ya Kurani, uchungu unamsukuma Maryam hadi kwenye shina la mtende, anatamani afe, na anaambiwa autikise mti, tende mbivu zimwangukie, na maji yako chini yake. Kwa bibi, hayo ni maelekezo ya kazi: mwenye uchungu apewe kitu kitamu, apewe maji, na asiachwe akate tamaa.

Wakristo wa zamani nao waliulizana swali lake. Maandishi ya karne ya 2, yasiyoingizwa katika Biblia, yanasimulia kwamba Yusufu alitoka kutafuta mkunga, na yanamtaja pia mwanamke aitwaye Salome. Picha takatifu za Waorthodoksi mpaka leo humwonyesha Maria amejilaza, na pembeni wanawake wakimwogesha mtoto. Fransisko wa Asizi alipoandaa hori lake kule Greccio mwaka 1223, alileta ng'ombe, punda na nyasi. Maonyesho tunayoyaiga Ukunda yametoka upande huo. Ng'ombe wamebaki, wakunga wametoweka.

Labda ndiyo sababu Krismasi zetu huwa za heshima kuliko za furaha. Tumemsafisha Maria jasho, tukamwinua kutoka mkekani dakika ile ile ya kujifungua, halafu tunawangoja malaika watuletee shangwe. Bibi hawangoji. Alipoona mtoto ametulia kifuani, alipiga vigelegele. Malaika watatu wakampokea, kisha mama aliyekuwa akiuza viazi karai ng'ambo ya barabara, ambaye hakujua hata nani amezaa. Aliuliza baadaye. Kwanza alishangilia.

Mwalimu sasa ana shida. Anataka wanawake wawili waingie kabla ya wachungaji, mmoja na maji ya moto, mmoja na uji wa pilipili manga. Lakini anaogopa kuongeza neno.

"Bibi, haikuandikwa kwamba walikuwepo."

"Na imeandikwa kwamba hawakuwepo?"

Uji umeshapata wa kuupika. Padre bado hajaambiwa.