Wosia wa Bessie Mundy

Mume akimuua mke mwenye mali, watu husema ni tamaa na maneno yakaishia hapo. Lakini wako waume wenye tamaa chungu nzima, na wake zao wanazeeka salama salimini. Swali lenye faida ni jingine: fedha zile zilikuwa chini ya nani, na huyo mume angezipataje? Katika kesi ya George Joseph Smith, Mwingereza aliyehukumiwa London mwaka 1915, jibu limo kwenye karatasi za wanasheria. Ulinzi aliowekewa Bessie Mundy ulizuia kila njia ya halali ya kuzifikia fedha zake isipokuwa kifo chake.

Baba yake Bessie, meneja wa benki, alimwachia takribani pauni 2,500, zikawekwa chini ya wadhamini waliokuwa wakimpa pauni 8 kila mwezi. Smith alimwoa mwaka 1910 kwa jina la uongo la Henry Williams, akachukua malimbikizo ya posho yake, kisha akamtoroka. Walikutana tena mwaka 1912, naye akataka ushauri wa sheria: je, mtaji wenyewe utapatikana? Aliambiwa kwamba wadhamini wasiporidhia, hautaguswa. Bessie, hata hivyo, alikuwa na haki ya kumwandikia wosia amtakaye. Wosia ndio aliouhitaji Smith kuliko chochote, maana ndoa yao ilikuwa batili. Alikuwa ameoa tangu 1898 na mke huyo alikuwa bado hai. Tarehe 8 Julai wakaandikiana wosia, kila mmoja akimwachia mwenzake vyote. Siku hizo hizo Smith alipatana bei ya hodhi la kuogea kwa muuza vyuma wa Herne Bay, akishusha kutoka pauni 2 hadi pauni 1, shilingi 17 na peni 6. Halikuwa na bomba. Maji yalijazwa kwa ndoo. Jumamosi tarehe 13, Bessie akakutwa amekufa humo, mkononi kashika kipande cha sabuni. Baadaye hodhi likarudishwa dukani bila kulipiwa.

Kuna atakayesema kwamba wanandoa huandikiana wosia kila siku, na wengine hukata bima, wala hawauani. Ni kweli, na wosia mmoja peke yake haumtii mtu hatiani. Ila Desemba 1913 huko Blackpool, Alice Burnham, aliyekuwa na bima ya maisha ya pauni 500, alikufa ndani ya hodhi, na mumewe alikuwa Smith. Desemba 1914 huko London, Margaret Lofty, mwenye bima ya pauni 700, alikufa vivyo hivyo siku moja baada ya kufunga ndoa, naye mumewe alikuwa Smith huyo huyo, safari hii kwa jina jingine. Baba yake Alice alisoma habari hiyo gazetini, akawaarifu polisi. Wakili wa utetezi, Edward Marshall Hall, alipinga vifo hivyo viwili kutajwa mahakamani, kwa kuwa Smith alishtakiwa kwa kifo cha Bessie tu. Pingamizi lake lilikuwa na uzito: baraza likisikia maiti tatu, litasahau kupima ushahidi wa ile moja. Jaji Scrutton aliruhusu vitajwe, na naona alikuwa sahihi, mradi viamue jambo moja tu, yaani kama kuzama kwa Bessie kulikuwa ajali au kulipangwa.

Dawa ya sheria inajulikana: muuaji harithi. Mafundisho ya mirathi ya Kiislamu yanasema hivyo, na kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinamnyima muuaji fungu katika mali ya aliyemuua. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi pale tu kifo kinapotambuliwa kuwa ni mauaji. Herne Bay, daktari alikuwa ameshaambiwa na Smith kwamba mkewe ana kifafa. Uchunguzi ukafanyika Jumatatu, ikaamuliwa kuwa ni ajali, na kesho yake akazikwa. Ndugu yake alitaka maiti ipasuliwe, haikupasuliwa. Smith akalipwa, akanunua nyumba Bristol.

Wengine watajibu kwamba kumpasua kila marehemu aliyeandika wosia ni kuwatukana wafiwa. Sisemi kila marehemu. Kifo cha ghafla cha mtu mwenye afya, nyumbani, siku chache baada ya mali yake kuandikwa jina la aliyekuwa naye peke yake, kinatosha kuahirisha mazishi kwa siku mbili. Kupasua maiti hakumshtaki mtu, na mara nyingi humsafisha. Maiti ya Bessie ilikuja kufukuliwa Februari 1915, wakati Alice na Margaret nao wameshazikwa.