Neno la Khofu na Watu wa Kariobangi

Neno la Kiingereza "terror", ambalo sisi tuishio ughaibuni tunalisikia kila uchao katika redio na viwanja vya ndege, asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutisha, na Waingereza tangu kale wamelitumia kwa mambo mawili, yaani khofu kuu imshikayo mtu na kile kimtishacho. Maana ya tatu, ambayo leo imezimeza hizo mbili, ilizaliwa Ufaransa katika miaka ya 1793 na 1794, pale serikali ya mapinduzi ilipoifanya khofu kuwa chombo cha kutawalia raia. Hivyo waliotangulia kupewa jina hilo walikuwa watawala wenyewe.

Kenya neno hilo lilifika limekwisha geuzwa. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wakoloni waliwabandika wapiganaji wa Mau Mau jina hilo, na marufuku juu ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003.

Ama Kariobangi, mtaa wa Nairobi, khofu yake haikungoja jina. Jioni ya Jumapili, tarehe 3 Machi 2002, vijana wa kundi la Mungiki, waliojinadi kuwa warithi wa Mau Mau na waliozoea kuwatoza wenye matatu ada kwa nguvu, waliingia upande wa kaskazini wa mtaa huo na mapanga na marungu, wakilipiza kisasi cha wenzao waliouawa na kundi la pale lililojiita Taliban. Wakawakata wapita njia pasipo kubagua, na watu wapatao 20 wakafa. Mwezi huohuo makundi yote mawili yakapigwa marufuku.

Lakini tarehe 4 Mei 2020, katika mvua za masika na kafyu ya korona, matingatinga yaliyabomoa makazi ya karibu na mitambo ya majitaka ya Kariobangi, ijapokuwa mahakama ilikuwa imekataza, na maelfu ya watu wakabaki nje na watoto wao. Hakuna gazeti la Kiingereza nililolisoma lililoiita fazaa ile "terror", maadamu aliyeamuru hakuwa mhalifu wa mafichoni. Nami nashikilia kwamba, kwa maana zake mbili za kale, na hata kwa ile ya Wafaransa, neno hilo ni haki ya mama aliyeamshwa na ngurumo za matingatinga sawasawa na ya mjane wa mwaka 2002.