Chuma Kisichofuliwa Wala Kusubiwa: Maelezo Kuhusu Uundaji wa Vyuma kwa Matabaka na Tatizo la Istilahi Zake

1.0 Utangulizi

Tangu zamani kazi ya kukipa chuma umbo imekuwa na vitenzi vitatu vikuu katika Kiswahili. Mhunzi hufua, yaani hukitia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, akakiweka juu ya fuawe na kukipiga nyundo. Fundi mwingine husubu, yaani huyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Wa tatu hukereza, yaani hupunguza sehemu asizozihitaji mpaka umbo analolitaka libaki. Vitenzi hivi havikutungwa na kamati yoyote ya istilahi. Vilikuwepo kwa sababu kazi zenyewe zilikuwepo, na siwa la shaba la Lamu, lililosubiwa kwa njia ya nta, ni ushahidi wa kutosha kwamba ufundi wa kalibu haukuwa mgeni katika mwambao wetu.

Katika miongo mitatu hivi iliyopita imeenea njia ya kuunda vyuma ambayo haiingii moja kwa moja katika kitenzi chochote kati ya hivyo vitatu. Katika njia hii hakuna nyundo wala kalibu, na wala umbo halipatikani kwa kupunguza. Kitu hujengwa kutoka chini kwenda juu, tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata mchoro uliohifadhiwa katika kompyuta. Magazeti na redio zimezoea kuiita njia hii "uchapishaji", kwa kufuata Kiingereza. Makala haya yanakusudia kueleza namna kazi hiyo inavyofanyika, hususan katika mitambo mizito, na kuonyesha kwamba jina hilo linaficha jambo lile lile ambalo mtumiaji wa mtambo anapaswa kulijua kwanza.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria. Kwa hiyo, iwapo kulabu ya kreni itakatika na kesi ikafika mahakamani, chanzo cha kukatika kwake kitapaswa kuelezwa kwa Kiswahili.

2.0 Chimbuko

Ni desturi kuanza historia hii na plastiki na kompyuta za miaka ya 1980. Kwa maoni yetu, kwa upande wa vyuma vizito, huo si mwanzo sahihi. Mnamo 1920 Ralph Baker, aliyehusishwa na kampuni ya Westinghouse ya Marekani, aliomba hataza ya kutengeneza vyombo vya mapambo kwa kutumia cheche ya umeme na waya wa kulehemia. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1925. Baker hakuunganisha vipande viwili vya chuma, kama ilivyo kawaida ya kulehemu. Aliliweka tone la chuma kilichoyeyuka juu ya tone jingine mpaka ukuta wa chombo ukasimama. Katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda kadhaa, hasa vya Ujerumani, viliitumia fikra hiyo hiyo kujenga vyombo vikubwa vya kuhimili shinikizo, ambavyo mwili wake wote ulikuwa ni lehemu tupu. Kilichokosekana wakati huo ni mkono usiochoka na usiotetereka. Mkono huo ulipatikana baadaye, roboti zilipoingia viwandani.

Njia ya unga ina nasaba tofauti. Carl Deckard, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, aliomba hataza mwaka 1986 ya kuunganisha chembe za unga kwa mwali wa leza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1996, watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer mjini Aachen waliomba hataza ya kuuyeyusha unga wa chuma kabisa badala ya kuzishikamanisha chembe zake kwa joto tu.

Kati ya tarehe hizo mbili liko tukio ambalo kwa mwanaistilahi ni muhimu kuliko yote. Mwaka 1989 Emanuel Sachs na wenzake wa MIT waliomba hataza ya njia ambayo kichwa chenye vitundu vidogo, mithili ya kile cha mashine ya kuchapia kwa wino, hudondoshea gundi juu ya unga. Wao ndio walioiita kazi yao uchapaji wa pande tatu, nao walikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwani chombo chao kwa hakika kilikuwa ni cha kuchapia. Jina la spishi moja likaja kuenezwa kwa jamii nzima, zikiwemo njia ambazo hazina wino, gundi wala kichwa cha kuchapia. Wahandisi wenyewe waliliona tatizo hili. Kamati ya viwango iliyoundwa Marekani mwaka 2009 ilichagua jina lenye maana ya uundaji kwa kuongeza, na jina hilo likaingia katika kiwango cha kimataifa cha mwaka 2015. Sisi tumelitafsiri lile ambalo wao walikwisha kuliweka kando.

3.0 Unga na waya

Katika njia ya unga, kifuta husambaza utando mwembamba wa unga wa chuma juu ya bamba. Unene wa tabaka moja kwa kawaida ni kati ya milimita 0.02 na 0.1. Mwali wa leza huyeyusha sehemu zile tu ambazo mchoro umeziainisha, bamba likashuka kidogo, unga mwingine ukasambazwa, na kazi ikaendelea hivyo mara maelfu. Chumba hujazwa gesi ya argoni au naitrojeni ili oksijeni isikaribie, kwa sababu unga wa metali kama vile titani huweza kushika moto. Njia hii huzaa maumbo yenye mifereji ya ndani ambayo kerezo haiwezi kuyafikia, lakini ni ya polepole, na ukubwa wa kitu hauwezi kuzidi ukubwa wa chumba.

Kwa mitambo mizito, basi, njia ya waya ndiyo yenye uzito zaidi. Roboti hushika bunduki ya kulehemia, cheche huyeyusha waya, na mstari wa chuma cha moto hulazwa juu ya mstari uliotangulia. Kilo kadhaa za chuma huweza kulazwa kwa saa moja. Uso wake hutoka na mawimbi mithili ya ukuta wa udongo usiopigwa lipu, kwa hiyo sehemu zinazogusana na nyingine lazima zichongwe baadaye.

Hapa ndipo kiini cha hoja yetu kilipo. Kila tabaka linapolazwa hulipasha tena moto lile lililo chini yake, na lile la chini lilikuwa limekwisha kuanza kupoa na kusinyaa. Tabaka la juu nalo likipoa hutaka kusinyaa, lakini limeshikwa na la chini. Mvutano huo hubaki umefungika ndani ya chuma na huweza kukipinda kitu, au kukipasua hata kabla hakijabeba mzigo wowote. Pale ambapo joto halikutosha, mstari mmoja haushikani barabara na mwenziwe, na ufa mwembamba hubaki kati yao. Gesi iliyonaswa huacha matundu. Aidha, nguvu ya kitu haiwi sawa pande zote. Kama ubao, ambao hupasuka kwa urahisi ukifuata nyuzi zake, chuma cha namna hii huweza kuwa na nguvu moja kando ya matabaka na nguvu nyingine kukatiza matabaka. Ndiyo maana vitu vingi vya aina hii hupashwa tena moto na kupozwa polepole, na vingine hubanwa kwa gesi yenye joto na shinikizo kubwa ili matundu yajifunge.

4.0 Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni wa baharini. Mwaka 2017 maabara ya RAMLAB iliyoko bandarini Rotterdam, ikishirikiana na kampuni ya Damen na wengine, iliunda rafadha ya boti ya kuvutia meli, yenye mapanga matatu na kipenyo cha milimita 1,350. Rafadha hiyo ilijengwa kwa matabaka 298 ya aloi ya shaba, nikeli na alumini, ikapelekwa Birmingham kuchongwa, kisha ikathibitishwa na shirika la ukaguzi la Bureau Veritas. Kwa kawaida rafadha husubiwa. Kalibu lake huhitaji muda kutengenezwa, na meli iliyovunjikiwa rafadha haina budi kungoja. Kwa hiyo faida iliyotafutwa Rotterdam ilikuwa zaidi ya muda kuliko ya umbo.

Mfano wa pili ni eskaveta iliyoonyeshwa Las Vegas mwezi Machi 1917+100, yaani 2017, na Maabara ya Taifa ya Oak Ridge pamoja na washirika wake. Sehemu tatu za mtambo huo ziliundwa kwa njia tatu tofauti. Mkono wake wa chuma, wenye urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa karibu kilo 180, ulilazwa kwa waya kwa muda wa siku 5. Kipoza mafuta kiliundwa kwa unga wa alumini na leza. Chumba cha dereva kilikuwa cha plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni, na kilimalizika kwa saa 5. Taarifa nyingi zilisema tu kwamba eskaveta "imechapishwa". Msomaji wa taarifa hizo hakuweza kutambua kwamba mkono, kipoza mafuta na chumba vina tabia tofauti na hivyo vinahitaji ukaguzi wa namna tofauti.

Mfano wa tatu ndio unaotugusa zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya Huisman ya Uholanzi iliunda kwa waya kulabu ya kreni ya kubeba tani 36, ikaijaribu kwa mzigo wa tani 80. Kulabu kubwa huzoeleka kufuliwa au kusubiwa. Katika kulabu iliyofuliwa vizuri, chembe za chuma hujipanga kwa kuufuata mkunjo wake, na huo ndio msingi wa imani ya mkaguzi. Kulabu ya matabaka haina mpangilio huo. Haina maana kuwa ni dhaifu, kwani jaribio la tani 80 lilionyesha vinginevyo, bali imani juu yake hujengwa kwa ushahidi mwingine.

5.0 Kitenzi kipi?

Asili ya neno chapa ni Kihindi, na maana yake imefungamana na kugandamiza: muhuri, alama, pigo. Kwa hiyo kuchapa kuko karibu zaidi na kufua, kazi ambayo njia hii imeiacha kabisa. Tunapendekeza uchapaji ubakizwe kwa ile njia ya gundi tu, ambako kichwa cha kuchapia kipo kweli.

Huenda mtu akapendekeza kufinyanga, na pendekezo hilo si la kupuuzwa. Mfinyanzi asiyetumia gurudumu huviringisha udongo kuwa pindi ndefu, akazizungusha moja juu ya nyingine na kuyasawazisha maungio. Chungu kilichoungwa vibaya hupasuka kwa kulifuata duara la pindi. Hatujui mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi. Hata hivyo, kama istilahi, neno hili limeshikamana mno na udongo na kiganja, na tunachelea kwamba mafundi watalicheka.

Linabaki kulehemu. Baadhi ya wataalamu watasema kuwa maana yake ni kuunga vipande viwili, au kutia risasi katika bati. Lakini asili yake ya Kiarabu ina shina moja na neno lenye maana ya nyama, na kuongezea chuma nyama ndiko hasa kunakofanyika hapa. Zaidi ya hayo, fundi wa mtaani, hata akisema kuchomelea, anajua tayari kwamba lehemu mbaya ina matundu, kwamba chuma hujipinda kikipoa, na kwamba waya usiofaa huharibu kazi. Maarifa yote tuliyoyaeleza katika sehemu ya 3.0 yamo ndani ya kitenzi chake. Kwa hiyo tunapendekeza uundaji kwa matabaka kuwa jina la jumla, kulehemu matabaka kwa njia ya waya, na kuyeyusha unga kwa njia ya leza. Cheti cha kulabu kikisema "imelehemiwa kwa matabaka", mkaguzi atauliza ni waya gani uliotumika, ni gesi gani, na matabaka yamelala upande gani wa mzigo. Kikisema "imechapishwa", hana pa kuanzia.

Bado pana haja ya kupata jina la mpaka kati ya tabaka na tabaka, mahali ambapo nyufa nyingi huanzia. Mshono linavutia, kwa kuwa mafundi wengine hulitumia kwa mstari wa lehemu, lakini mshono hudokeza uzi unaopita katika vipande viwili vilivyokuwa mbali. Ungio linafaa zaidi, mradi lisichanganywe na kiungo cha mashine kinachocheza.