Lupusi: Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani kuna maradhi yanayoithibitisha methali hii kuliko lupusi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vigeni, humgeukia mwenyewe na kushambulia ngozi, viungo, figo na hata neva. Kati ya kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua baina ya umri wa miaka 15 na 45. Huo ndio umri wa wasichana wetu wa sekondari na wa walimu wao wengi.

Yapo madhara ya lupusi yasiyotajwa sana, nayo ni kuvimba kwa uzi mkuu wa neva upitao ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Hii si homa ya uti wa mgongo tuijuayo. Huwapata wagonjwa wachache, yapata mmoja au wawili katika kila 100, lakini huwapata kwa kishindo. Kwa saa au siku chache tu, miguu hufa ganzi na kulegea, mgonjwa huhisi kama aliyekazwa mshipi kiwiliwilini, na mkojo hukataa kutoka.

Chukulia msichana wa kidato cha tatu katika shule ya bweni viungani mwa Kitale au Bungoma. Kwa miezi kadhaa amelalamikia maumivu ya viungo, uchovu, homa za mara kwa mara na upele mashavuni unaozidi juani. Ametibiwa malaria mara tatu. Asubuhi moja anashindwa kuinuka kitandani. Je, tutasemaje? Wapo watakaodai kwamba anakwepa mtihani. Wapo watakaonong'ona kwamba amerogwa. Kila kauli ya aina hiyo humpotezea saa zisizorudi.

Maana tiba ipo. Madaktari hutia mshipani dawa za steroidi kwa kipimo kikubwa, na mara nyingi huongeza dawa za kutuliza kinga. Zikianzwa mapema, matumaini ya kutembea tena huwa makubwa zaidi; zikichelewa, ulemavu huweza kuwa wa maisha. Hata hivyo, sharti kwanza vichunguzwe visababishi vingine vya kupooza, kama kifua kikuu cha mifupa ya mgongo na kichocho. Ndiyo sababu vipimo vya damu na picha ya MRI huhitajika. Kutoka Kitale hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ni kilomita zipatazo 70. Kutoka Bungoma ni mbali zaidi. Safari hiyo ni ya siku iyo hiyo, si ya kungojea likizo.

Kwa maoni yangu, kila mwalimu wa zamu yampasa azijue dalili hizi. Mwanafunzi anayetumia dawa za lupusi asinyang'anywe kwa kisingizio cha sheria za bweni, kwani kuziacha steroidi ghafla ni hatari. Nazo serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zihakikishe kwamba gari la wagonjwa halikosi mafuta.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu akisema miguu yake haina hisia, msimcheke. Mwiteni mwalimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni mgongo wa binadamu.