Kinyama kikipimwa mtoto akiwa bado mezani

Mtoto anayeamka na maumivu ya kichwa, akatapika, kisha akapata nafuu na kwenda kucheza, mara nyingi huanzishiwa dawa ya malaria. Vijijini Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, hilo halishangazi, kwa sababu malaria ipo na uvimbe wa ubongo kwa watoto ni nadra. Lakini akianza kuyumba anapotembea, uvimbe huenda umekaa kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Hapo ndipo rufaa hutoka Bariadi, ikipita Lamadi na Magu hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Picha ya CT scan au MRI huonyesha uvimbe ulipo. Aina yake husemwa na seli, na seli hizo zinaweza kusomwa mtoto akiwa bado kwenye nusu kaputi.

Daktari hutoa kinyama kidogo kama punje ya mtama. Mtaalamu wa pathologia hukibana kati ya vioo viwili, huvivuta seli zitandazike, hutia rangi na kuziangalia kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache. Harvey Cushing na Louise Eisenhardt waliieleza njia hii huko Marekani mwaka 1930, na bado haijazeeka: ubongo ni laini, hutandazika vizuri, ilhali njia nyingine, ya kuugandisha, huzalisha chembe za barafu zinazoharibu sura ya seli.

Jibu hilo humwongoza mpasuaji. Seli zenye nyuzi ndefu nyembamba huashiria astrositoma ya pilositiki, ambayo ikiondolewa yote mtoto mara nyingi hupona. Jerminoma, aina nyingine ya uvimbe, husikia mionzi na dawa, hivyo kisu hakina haja ya kwenda mbali. Kazi ngumu ni ATRT, uvimbe adimu na mkali unaowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 3. Kwenye kioo unaweza kudhaniwa uvimbe mwingine, meduloblastoma. Huthibitishwa maabara, siku kadhaa baadaye, seli zake zikionekana zimepoteza protini ya INI1.

Kwa maoni yangu, hospitali zetu zianze na njia hii ya vioo. Vioo, rangi na hadubini si vya gharama kubwa. Kilicho adimu ni jicho lililozoea kuzisoma seli hizo.

Nawe mzazi, jibu la mezani ni la awali tu. Kabla ya kurudi Simiyu, uliza majibu kamili ya kinyama yatatoka lini, kwani mionzi na dawa hupangwa kwa hayo.