Imani Hufuata Jembe

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa udongo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti kuhusu Ukambani, nchini Kenya. Alieleza nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa: vilima vimechanwa na makorongo na malisho yamekwisha. Dawa ya serikali ilikuwa amri: punguzeni mifugo, chimbeni matuta. Mwaka uliofuata Muindi Mbingu aliongoza umati wa Wakamba hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, akaishia uhamishoni Lamu.

Matuta ya amri hayakudumu. Uhuru ulipokuja, wengi waliyaacha yabomoke, kwa kuwa yalinuka shuruti. Ajabu ni kwamba haukupita muda mrefu, watu walewale wakarudi kuyachimba kwa hiari yao. Katika vilima vya Kilome, upande wa Kasikeu, matuta ni sehemu ya shamba kama lilivyo zizi: ngazi kwa ngazi, mahindi na mbaazi hapa, ndengu na miembe pale. Mvua bado ni ileile ya kubahatisha.

Wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Makueni hadi 1992, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufikia 1989 walikaribia milioni 1.4. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba licha ya ongezeko hilo, mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yamepanda. Walitaja sababu kadhaa, zikiwemo soko la Nairobi, fedha za waliofanya kazi mjini, elimu na hifadhi ya udongo. Kwa wanasaikolojia limebaki swali moja: mtu aliyeambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba ardhi yake imekufa, na yeye hajui kuitunza, hupata wapi moyo wa kuinua jembe?

Kukata tamaa hakufundishwi

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, nchini Marekani, walifanya majaribio ambayo leo yangeulizwa maswali mengi. Mbwa wa kundi moja walipigwa shoti za umeme ambazo wangeweza kuzikatiza kwa kubonyeza kibao. Wenzao walipata shoti zilezile, lakini hakuna walichofanya kilichosaidia. Baadaye wote waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walilala chini na kuvumilia. Wataalamu wakahitimisha kwamba mnyama hujifunza kuwa hawezi.

Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, wawili hao waligeuza hitimisho lao. Uchunguzi wa ubongo wa panya ulionyesha kwamba kulegea mbele ya mateso ya muda mrefu ndiyo hali ya asili, wala haihitaji mafunzo. Kinachofunzwa ni kinyume chake. Sehemu ya mbele ya ubongo inapogundua kuwa tendo fulani limeleta nafuu, hutuma ishara zinazotuliza kiini cha hofu kilicho kwenye shina la ubongo, na kumbukumbu hiyo humkinga mnyama siku nyingine. Kwa maneno mengine, "siwezi" ndiko tunakoanzia sote, na "naweza" hujengwa kwa ushahidi.

Ushahidi hutoka wapi?

Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alilijibu hilo mwaka 1977, baada ya kufanya kazi na watu walioogopa nyoka kupindukia. Alitaja vyanzo vinne vya kujiamini. Chenye nguvu kuliko vyote ni kufanya jambo mwenyewe na kufaulu. Cha pili ni kumwona mtu aliye kama wewe akilifanya. Maneno ya kutia moyo ni cha tatu, na cha nne ni namna unavyotafsiri hali ya mwili wako, kwa mfano moyo unapodunda kabla ya mtihani.

Chanzo cha pili kilipimwa jirani hapa, Uganda. Mtafiti Emma Riley aliwaonyesha baadhi ya wanafunzi wa sekondari jijini Kampala filamu ya Queen of Katwe, kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa mabanda aliyepata umaarufu katika mchezo wa sataranji. Wengine walionyeshwa filamu isiyohusiana na maisha yao. Miongoni mwa watahiniwa wa kidato cha nne, asilimia 32 ya kundi la pili walifeli hesabu. Waliomtazama Phiona, 18 tu.

Sasa rudi Ukambani utazame fanya juu, aina ya tuta la huko, inavyochimbwa. Kwanza mteremko hupimwa kwa kamba na pimamaji, ili mfereji ufuate usawa wa kilima na maji yasitoroke. Mfereji huchimbwa kina cha nusu mita au zaidi, na udongo hutupwa upande wa juu, ndiyo maana ya jina lenyewe. Tuta hupandwa nyasi za nepia. Mvua ikinyesha, udongo unaosombwa hukwama nyuma ya tuta, na miaka ikienda mteremko hujisawazisha kuwa ngazi. Msimu mmoja tu humtosha mkulima kuona mahindi yaliyo karibu na mfereji yakibaki kijani wakati mengine yanakauka. Hicho ni chanzo cha kwanza cha Bandura. Kazi yenyewe ilifanywa na mwethya, kundi la majirani wanaochimba kwa huyu leo na kwa yule kesho, wengi wao wanawake. Kila mmoja akashuhudia shamba la jirani, lenye mawe kama lake, likibadilika. Hicho ni cha pili.

Mpaka wa imani

Tusiipakie imani mzigo isioubeba. Utafiti wa David Yeager na wenzake, uliochapishwa 2019 kuhusu wanafunzi zaidi ya 12,000 wa Marekani, ulionyesha kwamba somo fupi la kuwaaminisha kuwa akili hukua liliinua kidogo tu alama za waliokuwa nyuma, na hasa pale ambapo wenzao shuleni waliunga mkono kujitahidi. Mkulima wa Kasikeu ambaye mvua za vuli zimemkosa hana tatizo la mawazo, hana maji.

Kwa hiyo mwenye lengo kubwa, awe anataka shahada akiwa na miaka 45 au kiwanda cha maembe, asingoje hofu imtoke ndipo aanze. Atenge kipande kidogo cha kazi ambacho matokeo yake atayaona kabla ya msimu kwisha. Amtafute aliyefaulu akitokea hali kama yake, si nyota wa mbali. Na atafute mwethya wake, kwa sababu mfereji wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, nao haukuchimbwa na mtu mmoja.